Dresden kwa siku moja ya Desemba: ziara ya wanafunzi wa lugha iliyolipa jua kisogo

Ziara ninayoitathmini hapa huuzwa na ofisi moja ndogo ya safari mjini Leipzig kwa wanafunzi wa Kijerumani waliofikia kiwango cha B1, yaani cha kati. Huwapeleka Dresden, mji mwingine wa mashariki mwa Ujerumani, asubuhi na kuwarudisha usiku wa siku hiyohiyo, katika Jumamosi za mwezi wa Desemba. Nililipa yuro 45, na ndani ya bei hiyo mlikuwa na nauli ya treni, kiingilio cha jumba la michoro, chakula cha mchana, na kiongozi ambaye, kwa mujibu wa tangazo, angezungumza Kijerumani kitupu tangu tunapoondoka kituoni hadi tunaporejea. Tulikuwa wanafunzi kumi na sita. Niseme mapema kwamba kiongozi alistahili kila senti tuliyotoa, ilhali ratiba aliyokabidhiwa ilipangwa na mtu ambaye bila shaka aliiandika mwezi wa Juni, dirisha likiwa wazi na jua likiwaka hadi saa tatu usiku.

Katikati ya Desemba, jua huchomoza Dresden baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kwenye saa kumi jioni. Msafiri wa siku moja ana mwanga wa saa zisizofika nane, na akitoka Leipzig kwa treni, saa moja na zaidi ya mwanga huo humwishia njiani. Mtu akiisha kulijua hilo, swali la kwanza katika kupanga siku yake huwa ni vitu gani vinahitaji mwanga wa jua na vipi vina taa zake vyenyewe. Swali hilo halikuulizwa, na karibu kila lalamiko nililo nalo limetokana na kutoulizwa kwake.

Tuliondoka saa mbili asubuhi kwa treni ya mkoa, ile inayosimama Wurzen, Oschatz na Riesa na kutumia zaidi ya saa moja na nusu hadi Dresden. Zipo treni za kasi zinazopunguza muda huo, lakini kwa mwanafunzi wa lugha treni ya polepole ina faida yake, kwa sababu matangazo ya vituo hurudiwa kwa mtindo uleule mpaka sikio linayazoea, na abiria wanaopanda na kushuka huzungumza Kijerumani ambacho hakimo vitabuni. Kiongozi alitumia safari hiyo kutueleza kwamba njia tuliyokuwa tukipita ilikamilika mwaka 1839 na ndiyo reli ya kwanza ya masafa marefu katika Ujerumani. Kisha akagawa karatasi yenye maneno ishirini na kutuambia tusiyatafute kwenye kamusi, kwa kuwa kila neno tungekutana nalo kabla ya usiku. Nilidhani ni mzaha wa mwalimu. Haukuwa mzaha, kama nitakavyoeleza.

Kutoka kituo kikuu cha Dresden tulitembea kwa miguu kupitia Prager Straße, barabara pana ya waenda kwa miguu iliyojengwa upya enzi za Ujerumani Mashariki, hadi uwanja wa Altmarkt, ambako soko la Krismasi lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ratiba. Saa nne asubuhi wachuuzi walikuwa wakipanga bidhaa zao bila haraka, mbao za vibanda zilikuwa na sakitu, watu walikuwa wachache, na kila muuzaji alikuwa na nafasi ya kuzungumza na mgeni anayetafuta maneno. Sisi tukapitishwa hapo mbiombio, kwa kuwa nafasi yetu ya kuingia kwenye jumba la michoro ilikuwa imeshawekwa. Tukaipita ikulu ya zamani, tukaipita jumba la opera, yote hayo chini ya mbingu ya kijivu lakini angavu, tukaingia ndani ya jengo lisilohitaji jua hata kidogo, tukakaa humo saa tatu.

Jumba lenyewe, Gemäldegalerie Alte Meister, ni hazina ambayo sina neno baya juu yake. Liko katika Zwinger, majumba ya sherehe ya watawala wa zamani, kwenye upande uliosanifiwa na Gottfried Semper na kufunguliwa mwaka 1855. Wengi huja kwa ajili ya Madonna ya Sistina ya Raffaello, iliyonunuliwa kutoka Piacenza na kufika Dresden mwaka 1754, ikachukuliwa hadi Umoja wa Kisovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kurudishwa mwaka 1955. Wale malaika wawili wadogo walioegemea ukingo wa chini, ambao nyuso zao zimechapwa kwenye kila aina ya kikombe na mwavuli, ni wadogo kuliko nilivyotarajia, na mchoro wenyewe ni mkubwa kuliko nilivyotarajia. Kiongozi hakutuhubiria. Alitupa dakika tano za kimya, kisha akatuuliza swali moja tu: malaika hao wanangoja nini? Majibu kumi na sita yakatolewa kwa Kijerumani cha kujikwaa, na hakusahihisha hata moja mpaka kila mtu alipomaliza.

Mbele ya mchoro wa Johannes Vermeer ndipo alipoonyesha ufundi wake. Ni ule wa msichana anayesoma barua karibu na dirisha lililo wazi. Kwa muda mrefu ukuta ulio nyuma ya msichana huyo ulionekana mtupu, na wataalamu walidhani kwamba Vermeer mwenyewe ndiye aliyeuacha hivyo. Uchunguzi ukathibitisha kwamba rangi iliyofunika ukuta iliwekwa na mkono mwingine baada ya kifo chake, na ilipokwisha kuondolewa, mwaka 2021, akaonekana Kupido amesimama ukutani, mungu wa mapenzi, na barua ambayo watu walikuwa wakiikisia tu ikapata maana. Kiongozi alitoa karatasi yenye picha ya mchoro ulivyokuwa zamani, akataka nusu yetu tueleze ukuta mtupu na nusu nyingine waeleze ukuta wenye Kupido, bila kutumia neno lolote la lugha nyingine. Hapo maneno mawili ya karatasi yake ya treni yakajitokeza: „übermalt“, yaani kilichofunikwa kwa rangi, na „freigelegt“, yaani kilichofunuliwa. Nimewahi kukariri maumbo ya namna hiyo kwa jedwali darasani na kuyasahau kabla ya wiki kuisha. Haya mawili sijayasahau.

Tulipita pia mbele ya mandhari ya Dresden iliyochorwa na Bernardo Bellotto mwaka 1748 kutoka ukingo wa kulia wa mto Elbe: daraja, kuba la kanisa la Frauenkirche, na mnara wa kanisa la Kikatoliki ukiwa bado umezungukwa na majukwaa ya mafundi. Kiongozi akatuambia tuitazame vizuri, kwa kuwa jioni tungeenda kusimama upande huo wa mto na kuilinganisha. Naomba msomaji alikumbuke neno hilo „jioni“.

Kuhusu chakula cha mchana sitasema mengi. Tuliingizwa katika mkahawa wa chini ya ardhi wenye meza ndefu, tukapewa nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye siki, kabichi nyekundu na madonge ya viazi, na nyama ilikuwa nzuri. Lakini chakula kilikuwa kimeagizwa kwa kundi zima kabla hatujafika, nasi tukanyimwa zoezi ambalo mwanafunzi wa lugha hulihitaji kuliko mengine yote, la kusoma orodha ya vyakula, kuuliza, kukosea na kuletewa kisichokusudiwa. Tulikaa humo saa moja na robo, sehemu kubwa tukingoja vitindamlo. Huko juu, mwanga ulikuwa ukienda zake.

Tulipotoka ilikuwa karibu saa tisa kasorobo, na kwa bahati Frauenkirche ilipata mabaki ya mchana. Kanisa hili, lililobuniwa na George Bähr na kumalizika mwaka 1743, liliporomoka asubuhi ya tarehe 15 Februari 1945, baada ya mashambulizi ya mabomu ya Waingereza na Wamarekani na moto uliofuata, na kifusi chake kikabaki katikati ya mji kama kumbukumbu kwa zaidi ya miaka arobaini. Ujenzi mpya ulianza mwaka 1994 na kanisa likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Mawe meusi yanayoonekana ukutani kama madoa ni ya jengo la zamani, na yale ya rangi ya mchanga ni mapya. Mtu akisimama uwanjani mchana anaweza kulisoma jengo zima kwa rangi hizo mbili, akijua wapi ukuta ulibaki umesimama na wapi jiwe moja lilirudishwa peke yake katikati ya mageni. Ndani mna msalaba wa zamani, uliopindwapindwa na moto. Msalaba mpya wa juu ya kuba ulitengenezwa Uingereza, na miongoni mwa waliousana alikuwamo fundi wa dhahabu ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi hayohayo. Kiongozi alilisema hilo kwa sentensi mbili fupi zenye vitenzi vyepesi, na kundi ambalo lilikuwa halijanyamaza tangu Leipzig likanyamaza.

Kisha sokoni. Soko hili la Krismasi huitwa Striezelmarkt, nalo hutajwa tangu mwaka 1434, jambo linalolifanya kuwa miongoni mwa masoko ya Krismasi makongwe kabisa ya Ujerumani. Jina limetokana na „Striezel“, jina la zamani la ule mkate mtamu wenye zabibu kavu na unga wa sukari juu yake ambao sasa hujulikana zaidi kama Stollen. Zamani ulikuwa mkate wa mfungo, mkavu, kwa kuwa siagi ilikatazwa wakati wa Majilio, hadi mwaka 1491 Papa Innosenti wa 8 alipotoa barua ya kuruhusu siagi. Saa tisa na nusu jioni, Jumamosi ya tatu ya Majilio, uwanja ule ambao asubuhi ulikuwa wazi ulikuwa umefurika watu kiasi kwamba nilisukumwa kwa bega kutoka kibanda hadi kibanda bila kuchagua pa kwenda. Tulipewa dakika arobaini na tano za uhuru, na kumi na tano kati ya hizo nilizitumia kwenye foleni ya kurudisha kikombe ili nirejeshewe amana yake.

Hata hivyo, ni hapo nilipopata mazungumzo yangu bora ya siku. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate kama ule mdogo ulikuwa na zabibu, naye akajibu „Nu.“ Nikangoja. Kwa masikio yangu ya darasani huo ulikuwa mwanzo wa sentensi, mtu anavuta pumzi kabla ya kueleza. Naye akangoja. Tukatazamana kwa muda, nyuma yangu foleni ikianza kuguna, mpaka nikarudia swali, naye akarudia jibu lake kwa upole na kutikisa kichwa kuafiki. Kiongozi alinieleza baadaye, akicheka, kwamba kwa watu wa Saksonia, jimbo ambamo Dresden imo, „nu“ maana yake ni „ndiyo“, na kwamba nisishangae nikisikia k ikigeuka g na t ikigeuka d, kwa kuwa hapa hata kahawa hutamkwa kwa ulaini huo. Hayo hayakuwamo kwenye ratiba, na tungepata mengi zaidi ya namna hiyo kama tungefika sokoni asubuhi, wakati mama yule alikuwa bado hajachoka.

Tulifika kwenye Fürstenzug saa kumi na nusu, jua likiwa limekwisha kuzama. Huu ni ukuta wa nje wa uwanja wa farasi wa ikulu, ambao juu yake umepangwa msafara wa watawala wa ukoo wa Wettin, uliotawala Saksonia, wakiwa juu ya farasi, kwa urefu wa mita 102 hivi, kwenye vigae vya kaure ya mji wa Meissen vinavyokadiriwa kufika 23,000. Hapo awali ilikuwa picha iliyochorwa kwenye lipu, ikaanza kuharibika kwa hali ya hewa, na kati ya 1904 na 1907 ikahamishiwa kwenye vigae, ambavyo viliokoka mwaka 1945 wakati sehemu kubwa ya mji ilipoteketea. Chini ya kila mtawala pameandikwa jina lake, na kwa baadhi yao lakabu pia, na hapo kiongozi akaendesha somo ambalo ningelilipia yuro 45 peke yake.

Alituweka wawili wawili na kumpa kila jozi watawala watatu. Otto „der Reiche“ hakusumbua, ni Otto Tajiri. Albrecht „der Stolze“ ni Albrecht Mwenye Majivuno. Dietrich „der Bedrängte“ alitaka mawazo: Dietrich Aliyedhikishwa, au Aliyebanwa. Nasi tukaangukiwa na Friedrich „der Gebissene“, Friedrich Aliyeng'atwa, ambaye hekaya inasema aling'atwa shavuni na mama yake mzazi kwa uchungu wa kuagana naye. Lile umbo la kutendwa tulilokutana nalo asubuhi kwenye ukuta wa Vermeer sasa lilikuwa limevishwa kilemba na kupandishwa juu ya farasi kama nomino. Kisha akaanza kutuuliza kwa zamu: je, farasi huyu ni wa nani? Tulimpa nini Aliyeng'atwa? Tulimwona nani? Kwa kila swali tamati ya lakabu ilibadilika, „dem Gebissenen“, „den Gebissenen“, na mwenye kukosea alirudi nyuma hatua tatu kando ya ukuta. Kiswahili hubeba jambo hilohilo ndani ya kitenzi kimoja, „aliyeng'atwa“, ambacho hakijali kama mtu huyo anapewa au anaonekana, na labda ndiyo sababu tamati hizi zilikuwa zimenikataa kwa mwaka mzima.

Sasa fikiria somo hilo likifanyika gizani. Taa za barabarani zilikuwa ziking'aa juu ya kaure na kuacha madoa meupe mahali pa nyuso. Maandishi tuliyasoma kwa tochi za simu, na simu mbili zilizimika kwa baridi kabla hatujafika katikati ya ukuta. Kalamu yangu ilikataa kuandika, na vidole vyangu vikakataa kushika kalamu. Mwanafunzi mmoja wa jozi ya jirani alimsoma mtawala wake vibaya si kwa kukosa Kijerumani bali kwa kukosa mwanga. Baada ya dakika thelathini na tano kiongozi alikatisha zoezi katikati ya msafara, kwa sababu wawili kati yetu walikuwa wakitetemeka, na watawala wa karne za baadaye hatukuwafikia kabisa. Saa tano asubuhi, ukuta huohuo ungesomeka kutoka mwisho hadi mwisho bila tochi, na sisi tukiwa bado na joto la treni mwilini.

Na ile mandhari ya Bellotto? Tulivuka daraja la Augustusbrücke saa kumi na moja na robo, tukasimama ukingoni, tukatazama. Mji ulikuwa na taa nyingi, nami sitakana kwamba ulipendeza. Lakini kulinganisha hakukuwezekana, kwa kuwa kilichoonekana ni vivuli vya minara juu ya maji meusi, na kiongozi, ambaye ni mtu mwaminifu, hakujaribu hata kuanza zoezi. Alisema tu kwamba mchoro tumeuona.

Treni ya kurudi ilikuwa ya joto na karibu wote walilala. Niliitoa ile karatasi ya maneno ishirini na kuhesabu: tulikuwa tumekutana na kumi na saba. Matatu yaliyobaki, „die Kuppel“, „das Ufer“ na „die Spiegelung“, yaani kuba, ukingo na mwakisi, yalikuwa ya zoezi la mtoni.

Kwa anayejiuliza kama anunue ziara hii au aende peke yake, hesabu si ngumu. Iko tiketi ya siku ya jimbo la Saksonia, ambayo hadi watu watano huweza kusafiri nayo pamoja kwa treni za mkoa, na siku za mwisho wa wiki hutumika tangu usiku wa manane. Haitumiki kwenye treni za kasi. Kanisa la Frauenkirche halitozi kiingilio cha kuingia chini kwenye ukumbi wake, na ukuta wa watawala uko barabarani. Wanafunzi watano wakigawana tiketi na kulipia jumba la michoro kila mtu kwa fedha yake, watatumia pungufu sana ya yuro 45, nao watakuwa huru kuanza na uwanja, ukuta na mto, na kuingia kwenye michoro saa nane, baridi inapoanza kuuma. Wasiende Jumatatu, kwa kuwa jumba hilo hufungwa siku hiyo. Wakosacho ni kiongozi, na hapo ndipo mizani inapoyumba, kwa sababu nimesoma Kijerumani kwa walimu sita na sijaona ambaye angeweza kulifanya kosa la sarufi kuwa hatua tatu kando ya farasi wa kaure. Kwa mwongozo natoa nyota tano, kwa chakula tatu, kwa ratiba moja, na moja hiyo ni kwa kuwa treni zote mbili tuliziwahi.

Ofisi ilituma fomu ya maoni siku mbili baadaye. Niliijaza kwa Kijerumani, nikipendekeza kwamba jumba la michoro lihamishiwe alasiri, na nikajitahidi kuitumia lakabu ya Friedrich mahali palipotaka tamati ngumu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, la adabu na lenye shukrani. Lilieleza kwamba nafasi za asubuhi ndizo rahisi kupatikana kwa makundi, na chini yake, kwa wino mwekundu wa kompyuta, walikuwa wamenisahihishia tamati moja.